Kabla hujauliza mashine ipi ngumu, uliza spea zake ziko wapi

Habari imefika Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga, ikiwa imekatwa kichwa. Ukikaa alfajiri kwenye diko lile, boti za usiku zinapoanza kuingia, utamsikia mtu akisema Yamaha wanafunga, mashine mpya za boti haziji tena, na aliye na yake ya zamani aitunze kama hati ya shamba. Maneno hayo yameshavuka vijiwe. Nimeyasikia Sahare, nimeyasikia Mwambani, na juzi nimemsikia muuza mashine kuukuu akipandisha bei palepale mbele ya mteja, kisa ati "zinaadimika". Upande wa pili wapo wanaocheka: kama Yamaha mwenyewe kashindwa, basi tusimdharau Mchina tena.

Kilichotokea ni kingine. Mwaka 2023 kampuni ya Yamaha Motor ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya pikipiki za theluji. Japani ingekoma na matoleo ya 2022, Ulaya ya 2024, na Amerika Kaskazini ya 2025. Ni pikipiki za theluji, si mashine za boti. Kampuni ileile inaendelea kuunda injini za kupachika, zikiwamo zile za stroki mbili zinazoitwa Enduro, ambazo ndizo zinazosukuma sehemu kubwa ya uvuvi wetu kuanzia Moa hadi Pangani. Muuza mashine yule hana sababu ya kuongeza hata shilingi. Hata hivyo sisemi kwamba habari hii haituhusu. Inatuhusu sana, ila si kwa jinsi inavyosimuliwa. Yamaha hawakuacha pikipiki za theluji kwa kuwa zilikuwa dhaifu. Zilisifiwa kwa kudumu kuliko za wengine wengi, na bado zimekwisha. Maana yake ugumu wa chuma hautoshi kuiweka mashine hai. Kinachoiweka hai ni spea zinazopatikana, fundi anayeielewa, na mwenye kiwanda anayeona faida ya kuendelea. Sisi tunapolinganisha mashine tunauliza ugumu tu, na hapo ndipo tunapopotea.

Niwaeleze kidogo chombo chenyewe, maana theluji ya karibu na sisi iko Kibo na wengi wetu tumeiona kwenye kalenda. Pikipiki ya theluji ina vitelezi viwili mbele vya kuongozea, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini na kuisukuma juu ya theluji. Kwa Wakanada wa kaskazini, Wamarekani wa Minnesota, au wafugaji wa Kisami kule Skandinavia, ni chombo cha kazi kama ngalawa ilivyo kwa mtu wa Kigombe. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji wa Valcourt huko Quebec, alifiwa na mtoto wake wa kiume majira ya baridi ya 1934 kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kumvusha theluji hadi hospitali. Akaendelea kuunda vyombo vya theluji maisha yake yote, na mwaka 1959 ikaingia sokoni Ski-Doo yake. Polaris na Arctic Cat wote walizaliwa Minnesota, na aliyeanzisha Arctic Cat ni mmoja wa waanzilishi wa Polaris aliyeondoka akaenda kujitegemea mji wa jirani. Yamaha walianza mwaka 1968. Kuna wakati, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walizidi mia moja. Baadaye wakabaki hao wanne.

Ukiwasikiliza wenye vyombo hivyo wakibishana unaweza kudhani uko Deep Sea. Mwenye Ski-Doo anasifia wepesi na injini ya Rotax inayotoka Austria. Mwenye Polaris anasifia jinsi inavyotii mkono kwenye kona na miinuko. Ukimkumbusha kwamba mwishoni mwa 2022 kampuni hiyo iliwataka wateja wake wengi waache kuendesha kwa muda, kwa hatari ya mvuke wa petroli kushika moto ndani ya tangi, atakujibu kwamba angalau walisema. Mwenye Yamaha yeye anakuonyesha mita ya kilomita. Kampuni hiyo iliamua mapema kuweka karata zake kwenye stroki nne: toleo la 2003 la RX-1 lilikuja na injini ya ukoo wa pikipiki yao ya mbio ya R1, wakati wenzao bado wanategemea stroki mbili. Injini ile ilikuwa tulivu, haikuhitaji kuchanganyiwa oili, na ilijulikana kwa kufika mbali bila kufunguliwa. Kasoro yake ilikuwa uzito. Kwenye njia iliyoshindiliwa uzito hauonekani, lakini kwenye theluji nene ya milimani chombo kizito kinazama, na mwenyewe anashuka kukichimbua kwa koleo. Kwa hiyo swali la ipi bora halikuwa na jibu moja hata huko kwao. Lilitegemea unakwenda wapi.

Kuna jambo moja ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Miaka ya mwisho, kwa vyombo vyao vingi, Yamaha hawakuwa wakiunda chombo kizima. Walikubaliana na Arctic Cat: Yamaha watoe injini, Arctic Cat waunde bodi kiwandani kwao, halafu kila mmoja auze kwa jina lake. Sidewinder ya Yamaha na pacha wake wa Arctic Cat zilikuwa na injini ileile ya turbo yenye cc 998, zikitoka kiwanda kilekile. Na watu wakaendelea kubishana ipi kati ya hizo mbili ndiyo ngumu. Rangi ya plastiki ina nguvu kuliko tunavyokubali.

Sasa tazama kilichowapata. Yamaha walisema wazi kwamba ni vigumu kuendesha biashara endelevu katika soko lile. Soko lenyewe limenywea: mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliuzwa karibu 500,000 kwa mwaka, na leo ni sehemu ndogo tu ya hizo. Theluji nayo imekuwa ya kubahatisha. Baridi ya 2023 kuingia 2024 ilipita Minnesota na Wisconsin ikiwa kavu, na mtu hanunui chombo cha theluji ambayo haijaanguka. Arctic Cat, waliowaundia Yamaha bodi, walinunuliwa na kampuni kubwa ya Textron mwaka 2017, wakasimamishiwa uzalishaji, kisha mwaka 2025 wakauzwa tena. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayohusu pistoni. Mteja wa Yamaha aliyenunua chombo kigumu kuliko cha jirani yake ndiye leo anayeulizia kwa wasiwasi spea zitapatikana hadi lini, ingawa kampuni imeahidi kuendelea kuzitoa.

Kama mfano wa theluji ni wa mbali, chukua wa baharini. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, ndiye aliyeifanya injini ya kupachika kuwa biashara, mwaka 1909. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia ziwani kumfuatia mchumba wake aiskrimu, akarudi imeshayeyuka. Jina lake lilikaa juu ya mashine kwa zaidi ya miaka mia. Mashine za mwisho za Evinrude, zile za E-TEC, zilikuwa stroki mbili za kisasa zenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zikinywa mafuta kidogo na kuungwa mkono na mafundi wengi. Mei 2020 wenye jina hilo, kampuni ya BRP, ambayo ndiyo hiyohiyo yenye Ski-Doo, walitangaza kuacha kuzitengeneza. Uzee wa jina haukusaidia, ubora wa injini haukusaidia.

Turudi pwani yetu. Hapa Tanga mtu akisema "mashine" bila kuongeza neno, wengi wanaelewa Yamaha ya stroki mbili: nguvu za farasi kumi na tano kwa ngalawa na mitumbwi, arobaini kwa boti za ringineti, ule wavu wa kuzungushia samaki. Zipo Suzuki, zipo Tohatsu, zipo Mercury, na kwa miaka ya karibuni zimeingia za Kichina kama Parsun na Hidea. Na sasa, serikali na wakopeshaji wanapogawa boti za kisasa za faiba kwa mikopo nafuu kwa vikundi vya wavuvi, swali la mashine limetoka kwenye mfuko wa tajiri mmoja likaingia kwenye mikutano. Kikundi chenye watu kumi na wawili kinakaa kujadili deni ambalo litalipwa na mashine ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuifungua. Hapo ndipo mabishano ya kijiweni yanageuka kuwa maamuzi ya mamilioni.

Hoja ya wanaosema Yamaha na si kingine ni nzito, sitaibeza. Fundi yeyote wa mashine kuanzia Chongoleani hadi Kipumbwi anaijua kwa kuipapasa gizani. Spea zake zinapatikana Tanga mjini, zisipopatikana zipo Unguja, Mombasa au Dar es Salaam. Ukitaka kuiuza baada ya miaka mitano utapata mteja kabla ya jua kuzama, na mkopeshaji anaijua thamani yake. Hizo ni sababu za kweli, ila tazama zimesimama juu ya nini: fundi, spea, soko la mtumba. Zote ziko nje ya mashine. Mtu anayezitaja anadhani anasifia chuma cha Kijapani, kumbe anasifia mtandao uliojengwa na watu wa hapa kwa miaka mingi.

Hoja yao dhaifu ni ile ya "za zamani zilikuwa chuma, za sasa bati". Ushahidi unaoletwa ni mashine fulani ya mzee fulani, ya miaka thelathini, bado inapiga kazi. Mimi naiamini mashine hiyo ipo. Ila zilizonunuliwa pamoja nayo ziko wapi? Zimenoki, zimezama, zimevunjwa spea, na nyingine ziko ndani ya hiyohiyo tunayoiona, maana ukiifungua utakuta kichwa cha hii, gia za ile na kabureta ya tatu. Tunawahesabu waliobaki tu, kisha tunasema kizazi kile kilikuwa hakifi. Ni kama kutazama bibi mmoja wa miaka mia pale Tongoni ukasema watu wa zamani hawakuwa wakiugua.

Wanaotetea mashine za Kichina nao wana lao. Bei ni ya chini, na kwa mvuvi anayeanza tofauti hiyo ndiyo nyavu. Nyingi za stroki mbili zimeundwa kwa kufuata michoro ya Yamaha kiasi kwamba sehemu nyingi za Parsun, kwa mfano, zinaingiliana na za Yamaha za ukubwa uleule. Kwa hiyo wale wanaosema "Mchina akikupeleka hakurudishi" wanasahau kwamba wanaporudishwa na Yamaha, mara nyingi ndani yake mna kipande cha Mchina. Lakini kuna udhaifu ambao muuzaji hatakwambia. Ubora wa mashine hizo haulingani kati ya jina moja na jingine, wala wakati mwingine kati ya shehena moja na inayofuata. Na majina yenyewe yanabadilika. Leo duka linauza jina hili, mwakani linauza jingine, na wa jina la kwanza hajulikani alikoenda. Yamaha wa pikipiki za theluji alikuaga kwa tangazo la miaka miwili kabla. Huyu mwingine haagi.

Kundi la tatu ni dogo lakini linakua: wanaosema wakati wa stroki nne umefika. Hesabu yao ni ya petroli. Injini ya stroki mbili yenye kabureta hupitisha sehemu ya mafuta kwenye moshi bila kuyachoma, na inakubalika kwamba sehemu hiyo inaweza kufika robo au zaidi. Hebu fikiria galoni nne unazonunua, moja unaimwaga baharini kwa mkono wako. Kwa boti inayotoka kila usiku wa giza, hicho ni kiasi cha kubadilisha maisha ya watu. Sasa kumbuka koleo la kwenye theluji. Mashine ya Enduro ya kumi na tano ina uzito wa karibu kilo 36. Ya stroki nne ya Yamaha, ya nguvu hiyohiyo, inazidi kilo 45. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwa mvuvi wa Mwambani anayefungua mashine kila akirudi, akaibeba begani akivuka tope la maji kupwa hadi nyumbani, kwa kuogopa wezi, tofauti hiyo ni mtu wa pili. Tena stroki nne inataka oili yake ibadilishwe kwa wakati na vali zake zipimwe, na mafundi wengi wa diko wamejifunza kwa stroki mbili. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema stroki nne ndiyo jibu kwa kila mtu. Kwa boti kubwa ya kikundi inayolala nangani na kulindwa, naiona hesabu. Kwa ngalawa ya mtu mmoja, bado.

Kinachonisumbua zaidi ya mabishano yenyewe ni kwamba hatuna kipimo. Mwenye pikipiki ya theluji ana mita ya kilomita. Anaweza kuongopa, lakini ana kitu cha kuongopea. Mashine zetu ndogo hazina hata saa ya kuhesabu kazi. Tunalinganisha kwa miaka, na miaka inadanganya. Boti ya ringineti inatoka usiku wa giza mfululizo, inazunguka na wavu, inasimama na kuwasha mara kadhaa, inapumzika mbalamwezi ikikolea. Boti ya kupeleka wageni kisiwani Toten au kwenye fungu la mchanga inatoka mara moja moja, mchana, bahari ikiwa tulivu. Mashine ya kwanza ikifa kwa miaka miwili na ya pili ikaishi minane, huwezi kusema ya pili ndiyo ngumu. Huenda ya kwanza imefanya kazi mara tatu ya mwenzake. Halafu kuna chumvi. Mtu anayesafisha njia za maji kwa maji baridi kila akirudi, na kubadilisha zinki ya kuzuia kutu inapoliwa, anaishi na mashine ambayo jirani yake angeizika mapema. Na kuna oili: uwiano uliozoeleka kwa Enduro iliyokwisha kulainika ni lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, na mashine mpya huanza kwa oili nyingi zaidi. Mwenye kubana oili ili apate chai, pistoni inamkamatia katikati ya mkondo. Kesho yake kijiwe kizima kinaambiwa jina la mashine. Kipimo cha oili alichotumia hakitajwi.

Feki nazo zimo ndani ya hadithi hii. Mjomba wangu wa Mwambani aliwahi kununua mpira wa pampu ya maji uliofungwa kwenye paketi yenye nembo zote, uma tatu za muziki zikiwa zimesimama sawasawa. (Nembo hiyo ni ya kampuni iliyoanza kwa kutengeneza vinanda, lakini hilo halikumsaidia.) Wiki ya pili mabawa ya mpira ule yakakatika nje ya kisiwa cha Jambe, maji yakaacha kupanda, mashine ikachemka mpaka rangi ikababuka. Alirudi kwa tanga, akisukumwa na upepo wa matlai, na kwa muda mrefu alikuwa akimlaani Mjapani. Mjapani hakuhusika. Aliyemuuzia alijua, au hakutaka kujua. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani na viwango ni kazi ya TBS, na sidai kwamba hazifanyi kitu. Nasema tu kwamba mpira wa pampu hauonekani mkubwa machoni pa mkaguzi kama unavyoonekana kwa mtu aliye maili nane kutoka pwani.

Ukiyaweka haya pamoja, maswali ya kikundi kinachokopa yanabadilika. Badala ya kuanza na "ipi ngumu", kianze na nani atauza pistoni, gasketi na pampu ya mashine hii hapa Tanga miaka mitatu ijayo, na je, duka hilo liliwahi kuuza jina jingine likaliacha. Kiulize fundi gani kati ya wale walio umbali wa kutembea ameshaifungua mashine ya aina hiyo. Kiulize kama mkataba wa mkopo una sanduku la spea na mafunzo, au una mashine tupu. Nawaambia hasa wanaotoa mikopo na kuandika zabuni: mashine ya bei ndogo isiyo na spea ni ghali kuliko inavyoonekana kwenye hesabu ya ununuzi, kwa sababu deni linaendelea kusoma wakati boti imelala mchangani. Marejesho hayatoki benki, yanatoka kwenye tenga la dagaa. Na BMU za vijiji, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi wa pwani, ambazo tayari zinaandika samaki wanaoshushwa, zingeweza kuongeza safu mbili tu kwenye daftari: mashine gani imetoka, na ipi imerudi ikivutwa. Mwaka mmoja wa daftari hilo ungetufundisha kuliko miaka ishirini ya kijiwe.

Kuna wingu moja ambalo waliosimulia habari ya Yamaha vibaya walikuwa karibu kuligusa. Stroki mbili za kabureta haziuzwi tena zikiwa mpya Marekani wala Ulaya, kwa sheria zao za moshi. Zinaendelea kuundwa kwa ajili ya masoko kama yetu, Afrika, Amerika ya Kusini, visiwa vya Pasifiki. Hilo lina pande mbili. Kwa upande mmoja sisi ndio wateja wenyewe, si makombo. Enduro imefikiriwa kwa ajili ya mtu anayechanganya mafuta kwenye dumu na kuwasha kwa kamba. Kwa upande mwingine, bidhaa yenye aina moja ya mteja inategemea mteja huyo, kama pikipiki ya theluji ilivyotegemea baridi ya Minnesota. Masoko haya yakihamia stroki nne au umeme, kiwanda kitapiga hesabu ileile kilivyoipiga kwa theluji, na hakitaangalia mashine ya mzee ya miaka thelathini. Sioni dalili kwamba siku hiyo iko mlangoni. Lakini kijana anayejifunza ufundi leo pale Sahare atakuwa kazini kwa miaka thelathini ijayo, na sijui kama ni busara kumfundisha kabureta peke yake.

Nina mfano mmoja wa kikundi kilichofikiri kwa njia hii bila kusubiri makala ya mtu. Wako Kigombe. Walipopata fedha za mashine mbili, rai ya kwanza ilikuwa moja kubwa ya safari ndefu na moja ndogo ya karibu, za kampuni mbili tofauti, ili "wajaribu". Baada ya mabishano ya jioni mbili wakachukua mbili zinazofanana kila kitu, hadi urefu wa mguu, kwa sababu pampu ya moja ikifa usiku watavua ya nyingine. Fedha iliyobaki hawakuinunulia mafuta, walinunua sanduku. Ndani yake mna pampu mbili za maji, plagi nane, pini za propela, kamba ya kuwashia na seti moja ya ringi. Sanduku linakaa kwa mke wa katibu, na ufunguo wake uko kwa mwanakikundi mwingine, nyumba ya tatu.